Rafu Moja Nchi Nzima

Sehemu ya Saba

Mkono wa keshia wetu, Umeme, bado uko kwenye kufuli la mlango wa kioo, palepale tulipouacha Jumamosi, na yule mgeni bado anagonga.

Ni saa mbili kasoro dakika kumi asubuhi. Nje hakuna mteja hata mmoja, ila mwanamume mrefu mwenye viatu visivyojua vumbi, amekumbatia boksi kifuani kana kwamba ndani yake mna mtoto mgonjwa.

"Tunafungua saa mbili, kaka," Umeme alisema kupitia upenyo wa mlango.

"Sikuja kununua. Namtafuta keshia anayeitwa Umeme."

"Wa nini?"

"Unamfahamu?"

"Inategemea wa nini."

Mgeni akatabasamu. Akainua kitambulisho cha njano kilichoning'inia shingoni mwake. Makao makuu. Mpangaji wa rafu.

Kufuli likafunguka. Umeme mwenyewe hakumbuki kulifungua.

Mama Pacha, keshia wa kaunta ya tatu, alikuwa akifunga aproni yake. Alimtazama mgeni kuanzia viatuni hadi utosini, kisha akamnong'oneza mwenzake, "Kama ni mchumba, amekuja na boksi dogo."

"Nyamaza wewe."

"Nimesema dogo, sijasema baya."

Mgeni aliliweka boksi juu ya kaunta ya nne, ambayo ndiyo ya Umeme, akalifungua. Ndani mlikuwa na vikombe ishirini vya mtindi, vifuniko vimevimba kama mashavu ya mpiga tarumbeta. Harufu chachu ikapanda. Kila kikombe kilikuwa na neno moja kwa rangi ya bluu: VANILA.

Umeme alivitambua kabla hajasoma. Vifuniko vile alisaidia kuvibana kwa mikono yake mwenyewe, jikoni kwa shangazi yake.

"Vimerudi kutoka matawi yetu mengine arobaini na mawili," mgeni alisema. "Hivi ni ishirini tu. Ghalani viko elfu nne."

"Elfu nne?"

"Hakuna anayevinunua, dada. Vinakaa hadi vinavimba. Lakini hapa kwenu," akakunjua karatasi, "hapa vanila ni mia tatu kila wiki, miezi minane mfululizo. Na kaunta inayoongoza ni hii yako. Ndiyo maana nimesafiri tangu jana. Nimekuja kujifunza siri yenu."

"Siri gani?"

"Ningeijua ningebaki nyumbani. Leo saa tisa alasiri mfumo unafunga orodha ya bidhaa. Nikiipata siri kabla ya hapo, naandika pingamizi na mtindi huu unabaki. Nisipoipata, unaondolewa."

"Unaondolewa huko kwingine."

"Unaondolewa kote. Hata hapa."

*

Kwa ambaye ndiyo kwanza anaungana nasi: Kapu Kuu lilianza na duka moja, hilihili, lenye friji moja na mizani iliyoegemea upande. Mwanamke aliyelianzisha alikuwa akinunua mayai, mboga na maziwa kutoka kwa majirani, kupitia mlango wa nyuma, kwa kujuana. Leo mwanamke huyo ameshauza na kupumzika. Kapu Kuu lina matawi arobaini na matatu, malori ya baridi ya rangi ya njano, ghala kubwa kuliko uwanja wa mpira, na sheria moja iliyobandikwa kwenye ukuta wa kila tawi: RAFU MOJA NCHI NZIMA.

Maana yake ni nyepesi. Kitu kikifaa, kiwe kwenye matawi yote. Kisipofaa kwenye yote, kisiwepo hata kwenye moja.

Kitu kimoja tu cha majirani kilikuwa kimenusurika katika Tawi la Kwanza, nacho ni mtindi wa shangazi yake Umeme, aliyemlea tangu ana miaka sita. Ladha mbili, vanila na nanasi. Miezi mitatu iliyopita mashine ya makao makuu ilipitia mauzo, ikauchagua mtindi huo uende nchi nzima. Lakini ilichagua vanila peke yake.

"Mbona vanila?" shangazi aliuliza barua ilipofika. "Watu wangu wanapenda nanasi." Kisha akajijibu mwenyewe. "Basi. Mashine inaona nchi nzima, mimi naona mtaa."

Akavunja ukuta kati ya jiko na sebule. Makochi yakahamia barazani. Akawaajiri jirani zake wawili. Chumba alicholala na marehemu mumewe kikawa stoo ya vikombe elfu ishirini vilivyochapwa neno lile moja.

Sasa niwaambie alichokijua Umeme wakati anatazama lile boksi, nanyi mtaelewa kwa nini alitamani kulifunga tena.

Stika za nanasi hulowa ndani ya friji. Ile mistari myeusi ya kusomwa na mashine ya kaunta huvurugika, na mashine hukataa. Keshia hulazimika kuandika tarakimu kumi na tatu kwa kidole, huku foleni inaguna. Stika za vanila zilitoka kwa mchapaji mwingine, hazilowi. Na bei ni moja.

Basi miezi minane iliyopita, siku ya foleni ndefu, Umeme aliosha kikombe kitupu cha vanila akakiweka kando ya mashine yake. Mteja akija na nanasi sita, anakiinua kile kikombe kitupu, anabonyeza sita, mlio mmoja, kwaheri. Mteja amelipa sawasawa. Duka limepata chake. Makeshia wengine wakaiga, na haikupita wiki kila kaunta ikawa na kikombe chake kitupu. Ndivyo alivyopata jina la Umeme.

Hakuna aliyeibiwa. Ila kila nanasi iliyotoka mlangoni iliandikwa vanila, na huko mbali mashine ikaamini.

*

Umeme alikidumbukiza kile kikombe kitupu kwenye mfuko wa aproni.

"Fanya kazi kama kawaida," mgeni alisema, akasimama nyuma yake na daftari. "Mimi sipo."

Mtu mrefu kiasi kile hawezi kutokuwepo. Wateja walimtazama yeye kwanza, ndipo wakaweka vitu vyao.

Wa kwanza alikuwa na mkate na nanasi mbili. Mashine ikakataa. Umeme akafuta stika kwa aproni, ikakataa tena. Akaanza kuandika tarakimu, moja moja.

"Umeme, leo umekatika?" fundi cherehani aliuliza kutoka nyuma ya foleni.

Foleni ikacheka. Umeme akacheka nayo, huku kidole kinaitafuta tarakimu ya tisa.

Mgeni aliandika kila kitu. Friji ipo karibu na mkate. Keshia anawajua wateja kwa sura. Mlangoni kuna kivuli. Alikuwa mtu mwema, na hilo ndilo lililomuumiza Umeme zaidi. Alikuwa anatafuta kwa moyo wote kitu ambacho hakikuwepo.

Saa nne na nusu alimwinamia sikioni.

"Dada, nimehesabu nanasi kumi na tisa. Vanila moja."

"Siku hazifanani, kaka."

"Na huyo wa vanila alirudi kubadilisha. Alisema alishika bila kutazama."

Umeme aliweka kibao cha KAUNTA IMEFUNGWA, akaenda moja kwa moja ofisini kwa meneja.

*

Ofisi ya meneja ni chumba cha kugeuka mara moja. Meza, feni, kalenda ya mwaka juzi ambayo ameiacha kwa sababu ya picha ya maporomoko ya maji. Meneja mwenyewe ni mtu wa makamo, mpole, mwenye kalamu tatu mfukoni ambazo mbili haziandiki.

"Bosi, ile vanila ni nanasi," Umeme alisema.

Meneja hakuuliza nanasi gani. Hapo ndipo Umeme alipojua kwamba naye anajua.

"Funga mlango."

Akafunga.

"Kila mwisho wa mwezi tunahesabu friji," meneja alisema taratibu. "Vanila zimezidi, nanasi zimepungua. Unadhani nani alikuwa anazisawazisha? Mimi. Kwa kalamu hii. Nikasema ni mambo ya stika, watoto wangu wanachapa kazi, foleni inasonga, niwasumbue kwa lipi?"

"Nataka kumwambia yule mgeni."

"Mwambie, halafu? Kubadilisha bidhaa kwenye mashine ni kufukuzwa siku hiyohiyo. Ukiondoka wewe, watauliza kaunta nyingine. Mama Pacha anaondoka. Wote wanaondoka. Mimi nimebakiza miaka miwili nistaafu. Na tawi hili wanatafuta sababu ya kulifunga tangu mwaka jana, wanasema ni dogo, haliingizi lori."

"Na shangazi yangu?"

Meneja alivua miwani. "Mke wangu alipokuwa mgonjwa, kitu pekee kilichopita kooni mwake ni mtindi wa yule mama. Alikuwa anauleta mwenyewe mpaka mlangoni kwangu. Nitamsahau vipi? Lakini nifanyeje, mama? Niambie wewe. Nifanyeje?"

Hakuwa anauliza kwa hila. Alitaka kweli kuambiwa.



*

Saa sita na nusu ni mapumziko yake. Kutoka dukani hadi kwa shangazi ni dakika kumi kwa miguu, ukikatiza kichochoro cha nyuma ya shule.

Alimkuta amesimama mbele ya sufuria kubwa kuliko yeye, kitambaa kichwani, kipimajoto kimefungwa kwa kamba ya kiatu ili kisizame. Majirani wawili walikuwa mezani wanapanga vikombe. Mwanga ulikuwa unaingia hadi pale zamani palipokuwa na ukuta.

"Umekonda," shangazi alisema bila kugeuka. "Chakula kimejaa rafu nzima na wewe unakonda. Huo ni ubishi tu."

"Umenionaje wakati hujageuka?"

"Nimesikia hatua. Mtu mnene hatembei hivyo." Majirani wakacheka. "Njoo uonje. Hii ni ya wiki ijayo. Nimepunguza sukari, labda huko mbali hawapendi tamu."

Umeme alionja. Ulikuwa mtindi mzuri, na lo, jinsi ulivyomchoma.

"Vipi?"

"Mzuri."

"Mzuri wa kweli au mzuri wa mpwa?"

"Wa kweli, shangazi."

Shangazi alipunguza moto, akamvuta pembeni, karibu na dirisha. Sauti yake ikashuka ili majirani wasisikie.

"Yule dereva wa lori la njano ana mdomo mzito. Juzi amenishushia makreti matupu, namuuliza mambo yanaendaje huko, ananitazama miguu. Kuna kitu?"

"Huenda alichoka."

"Huenda." Alimtazama machoni. "Nikuombe jambo dogo. Habari ikiwepo, iwe njema au mbaya, nisiisikie kwa dereva. Wala kwa barua. Mume wangu alipokufa niliambiwa na mpita njia, nikiwa na ndoo kichwani. Sitaki tena namna ile. Njoo uniambie wewe, kwa mdomo wako, kabla ya mtu mwingine."

"Nitakuja."

"Sema naahidi."

"Shangazi, mimi si mtoto."

"Watoto tunawasamehe wakisahau. Ndiyo maana nakuambia wewe. Sema."

"Naahidi."

Mbona hakusema palepale? Msimlaumu haraka. Alikuwa bado na saa mbili na ushee za matumaini mkononi. Nani angemvunja moyo aliyemlea kabla hazijaisha?

*

Saa saba na nusu alimkuta mgeni katika chumba cha kupokelea mizigo, anapima kwa hatua umbali wa friji hadi mlango.

Umeme alikitoa kile kikombe kitupu mfukoni, akakiweka juu ya kreti la soda.

"Siri ndiyo hii."

Akamweleza yote. Stika, foleni, mlio mmoja, miezi minane. Mlangoni kivuli cha meneja kilikuwa kimesimama, hakiingii wala hakiondoki. Umeme alikiona.

"Kaunta nyingine je?" mgeni aliuliza.

"Ni mimi peke yangu."

"Mia tatu kwa wiki, wewe peke yako?"

"Kwa nini unadhani wananiita Umeme?"

Kile kivuli mlangoni kilishusha kichwa.

Mgeni aliketi juu ya kreti. Hakukasirika. Alikigeuza kile kikombe mkononi mara mbili, tatu, kisha uso wake ukaanza kung'aa, na Umeme, masikini, akaona kung'aa kule akadhani ni mlango unafunguka.

"Basi tumepata," mgeni alisema. "Hawaupendi mtindi kwa sababu tumewapelekea usiotakiwa. Tuwapelekee nanasi. Naandika sasa hivi."

Akaandika. Saa nane ikapita. Saa nane na nusu akapiga simu makao makuu, akafungua spika ili Umeme asikie. Akajibu mwanamke mwenye adabu, kama anayesoma.

"Nimeliona pingamizi lako, kaka. Lakini nanasi nayo inaondoka leo saa tisa. Hapa inaonyesha haijauzwa miezi minane."

"Imeuzwa sana. Imeandikwa vanila."

"Basi ni mauzo ya vanila."

"Angalia ya leo. Asubuhi tu, kumi na tisa."

Vidole vikagonga kibodi huko mbali. "Naziona. Kumi na tisa. Ili ibaki inatakiwa siku tisini."

"Tupe siku tisini."

"Ningekupa, kaka. Sina pa kubonyeza."

Sina pa kubonyeza. Umeme aliyarudia moyoni. Hakuna mtu aliyekuwa amemkatalia. Angalau angekuwepo mtu wa kumkatalia, angepiga magoti mbele yake.

"Kuna jingine," sauti iliendelea. "Vile vikombe elfu nne vimeshapakiwa. Lori liko njiani kuvirudisha kwa mtengenezaji, na dereva ana barua yake. Atafika kama saa tisa na robo."

Simu ikakatika. Umeme alitazama saa ya ukutani. Saa tisa kasoro tano.

"Naomba nitoke," alisema.

Mgeni alisimama, akaziba mlango kwa urefu wake bila kukusudia. "Sikiliza kwanza, dada. Nimewaarifu wakaguzi wa kanda, ndiyo taratibu, singeweza kuficha. Wako njiani, wanafika saa tisa na robo. Lakini nimewaandikia kwamba umekuja mwenyewe, hukukamatwa. Uwe hapa. Uwaeleze kama ulivyonieleza mimi. Nadhani watakuachia kazi yako. Nitakaa pembeni yako."

"Nikirudi saa kumi?"

"Ukitoka sasa wataandika umekimbia. Na karatasi ikishaandikwa hivyo," alifungua mikono, "mimi napanga rafu tu."

Meneja naye alikuwa ameingia. "Kaa, mama," alisema. "Nakuomba. Shangazi yako leo anabaki bila kitu. Mshahara wako ndio utakaomlisha. Hilo hulioni?"

Alikuwa analiona. Alikuwa analiona vizuri kuliko wote wawili. Akikaa, atakuwa na cha kumpelekea shangazi kila mwezi. Akienda, hatakuwa na kitu ila maneno, na maneno yenyewe mabaya.

Lakini mwanamke mmoja alikuwa amesimama mbele ya sufuria, anapunguza sukari ili watu wa mbali wafurahi, na mtu aliyekuwa anaelekea kwake ni dereva mwenye mdomo mzito.

Umeme alifungua aproni ya njano. Aliikunja vizuri, kama inavyotakiwa kukunjwa mwisho wa zamu, akampa Mama Pacha alipopita kaunta ya tatu.

"Unaenda wapi?" Mama Pacha aliuliza. Kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha.

"Nyumbani mara moja."

*

Alitembea, kisha akakimbia.

Kwenye kona ya shule, lori la njano lilisimama ubavuni mwake. Dereva akatoa kichwa.

"Dada, samahani. Siku zote huwa naingilia upande wa pili, leo barabara imechimbwa. Kwa yule mama wa mtindi napitaje?"

Umeme alilitazama lile lori. Lilikuwa limesimama mbele ya kichochoro chenyewe. Angeweza kumwelekeza mwisho wa mji, na dereva angeenda. Moyo wake ulitaka sana. Lakini kesho angerudi tu, na vikombe vyake elfu nne.

"Hapa lori haliingii," alisema, na ilikuwa kweli. "Zunguka shule yote, pita karibu na kinu, utatokea mbele ya nyumba."

"Mbali?"

"Dakika kumi."

"Ahsante, dada. Pole na jua."

Likaondoka polepole. Umeme akaingia kichochoroni, viatu mkononi.

Dakika kumi. Alikuwa anazihesabu kwa hatua. Alijaribu kupanga maneno, ataanza na lipi. Aanze na mashine. Hapana, aanze na matawi. Aanze na stika, maana stika ni kosa la kila mtu. Alipofika uani hakuwa na hata moja.

Majirani walikuwa wanaimba kitu kwa sauti ya chini, wanabana vifuniko. Shangazi aligeuka safari hii.

"Mbona mapema? Wamefunga duka?"

"Hapana."

"Mbona peku?"

"Nimekuja kukuambia mimi, shangazi. Kwa mdomo wangu."

Wimbo ukakatika. Jirani mmoja akaweka kifuniko mezani kwa uangalifu, kama kitu cha kuvunjika.

"Sema," shangazi alisema.

"Wameuondoa mtindi. Vanila na nanasi. Matawi yote, na hapa kwetu pia. Elfu nne vinarudi leo, viko njiani."

Shangazi hakupiga kelele. Aliutoa mwiko kwenye sufuria, akaugongesha ukingoni mara mbili, matone yakaanguka mahali pake. Akatazama pale palipokuwa na ukuta. Akatazama mlango wa chumba chake cha kulala, uliozibwa na maboksi hadi juu.

"Nilikosea maziwa?"

"Hapana."

"Usafi?"

"Hapana, shangazi. Hukukosea kitu."

"Sasa nani alikosea?"

Majirani wote wawili walikuwa wanamtazama. Umeme angeweza kusema mashine. Angeweza kusema makao makuu. Yote yangekuwa na ukweli ndani yake, na shangazi angemkumbatia, wangelia pamoja, na angebaki kuwa mtoto wa nyumba ile.

"Mimi," alisema.

Shangazi hakuelewa mara moja. Alimtazama usoni kama anayesoma barua ya mwandiko mbaya. Kisha akaelewa kwamba ni kweli, ingawa hakujua bado ni nini. Akainama, akapunguza moto chini ya sufuria. Hakuuzima. Akavuta kigoda kwa mguu, akakisogeza mbele ya Umeme.

"Keti. Anza mwanzo, usiruke kitu."

Umeme aliketi. Akaanza na siku ile ya foleni ndefu. Akamwambia jinsi alivyokiosha kile kikombe, kwa maji na sabuni, na jinsi alivyofurahi kilipolia mara ya kwanza. Akamwambia nanasi sita, nanasi nane, nanasi kumi za harusi ya jirani. Uso wa shangazi haukuonyesha kitu, si hasira wala msamaha, na Umeme hakuthubutu kuutafuta ndani yake.

Alikuwa amefika kwenye barua iliyochagua vanila wakati lori liliponguruma nje. Mlango wa gari ukafungwa. Hatua nzito zikapanda barazani, zikazunguka makochi, zikasimama.

Dereva akagonga. Jirani mmoja akainuka aende kufungua.

"Mwache agonge," shangazi alisema, macho hayajabanduka kwa mpwa wake. "Tulikubaliana nitaambiwa na wewe. Malizia."